Mama hataki niwe daktari wa jeshi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tukuyu, kwa sasa naishi Mbeya mjini. Nilisoma udaktari miaka 5, nikamaliza mwaka wa udaktari tarajali, na nimesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Tangu hapo najitolea kwenye kituo cha afya. Natibu kama wenzangu walioajiriwa, nashika zamu za usiku kama wao, lakini mwisho wa mwezi napewa nauli tu. Kila serikali inapotangaza nafasi za kada ya afya naomba, na kila majina yanapotoka langu halimo.

Ndoto yangu ni kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Nilipokuwa tarajali tulipokea majeruhi wengi wa ajali za barabara kuu, hasa wa mteremko wa Iwambi, na hapo ndipo nilipojua nataka kufanya nini maishani. Wengine walikuwa wakikimbia damu. Mimi nilikuwa nabaki hadi mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji, hata kama zamu yangu imeshaisha.

Sasa nafikiria Jeshi la Wananchi. Baada ya kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Wiki ya kwanza nililia kwa ajili ya mchakamchaka wa alfajiri, ila siku ya kuondoka sikutaka kuondoka. Nilipenda utaratibu wa kule, na nilipenda kwamba mtu akianguka njiani hakuna anayempita. Baba ananiunga mkono.

Mama ndiye hataki hata kusikia. Kaka yake mkubwa aliondoka na jeshi mwaka 1978 kwenda Kagera, mama akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Barua ya kifo ilifika nyumbani, mwili haukufika. Nikigusia jeshi mama anaondoka mezani. Nimemwambia madaktari hawaendi mstari wa mbele, wanakaa hospitali tu, lakini haniamini.

Kuna mambo mengine matatu. Kwanza, kuna mtu amejitokeza anasema ana ndugu makao makuu, nikimpa shilingi 2,500,000 jina langu litapita. Pili, mchumba wangu naye ni mtu wa afya, anasema nikienda jeshini ndoa yetu itakaa miaka bila kufungwa. Tatu, na hili linaninyima usingizi, mimi niliapa kuokoa maisha. Je, siku moja nitaamriwa kuyatoa?

Nisaidie, Shangazi. Niende, au niendelee kusubiri ajira ya uraiani?

Daktari Kijana, Mbeya

Marahaba mwanangu,

Nianze na huyo wa milioni mbili na nusu, maana hilo haliwezi kungoja. Usimpe hata shilingi moja. Kuandikishwa jeshini hakuna malipo, na jeshi lenyewe limeonya mara nyingi kuhusu watu wanaokusanya fedha za vijana kwa jina lake. Hata ingekuwa kweli ana ndugu huko, wewe mtoaji na yeye mpokeaji nyote mnaingia kwenye kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, haitozwi. Hifadhi ujumbe wake wote wa simu, kisha piga. Wapo wazazi waliouza shamba kwa ajili ya watu wa namna hii, na kijana akaishia kurudi nyumbani kutoka getini.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Nikiisoma barua yako naona sababu mbili zimeingiliana, na nakuomba uzitenganishe kabla hujaandika barua nyingine yoyote. Ya kwanza ni kuchoka. Umesoma miaka mingi, unatibu watu kwa nauli, na jina lako halitoki. Uchovu huo ni wa haki na mimi nauona. Madaktari wengi vijana wa nchi hii wako palepale ulipo, na inaumiza kuona kituo cha afya kina foleni hadi nje huku daktari aliyesajiliwa hana ajira. Ya pili ni kwamba unapenda kazi ya majeruhi, na maisha ya kambini ulishayaonja ukayapenda. Sababu ya pili inatosha kumpeleka mtu jeshini. Ya kwanza peke yake haitoshi, kwa maana uchovu wa kukosa kazi unaisha siku ya kupata mshahara wa kwanza, na baada ya hapo zinabaki asubuhi nyingi sana za kuamka ukiwa askari.

Maana utakuwa askari, mwanangu. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Jeshini hawaajiri daktari wakamvika kombati. Wanamwandikisha askari ambaye ana taaluma ya udaktari. Utaanza kama kuruta, shahada yako ikiwa ndani ya bahasha. Atakayekupigisha kwata anaweza kuwa koplo aliyeishia kidato cha nne, na utamwita afande, na akisema lala chini utalala chini hata kama usiku uliopita ulikuwa ukisoma kitabu cha upasuaji. Utashika lindo. Utapiga shabaha uwanjani kama kila mtu. Wanaochaguliwa kuwa maafisa huendelea na mafunzo Monduli, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, na hupata nyota zao wanapotunukiwa kamisheni. Katika muda huo wote mikono yako itakuwa mbali na wagonjwa. Jiulize kama unaweza kuvumilia hilo bila kinyongo. Miezi mitatu ya mujibu wa sheria inakupa picha, ila kule ulikuwa unajua tarehe ya kurudi nyumbani. Kiapo cha jeshi ni kitu kingine. Huandiki barua ya kuacha kazi leo ukaondoka mwisho wa mwezi.

Baada ya mafunzo, usidhani moja kwa moja utapelekwa Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo. Unaweza kupangiwa kikosi kilicho mbali na mji, na kazi yako ya kila siku ikawa malaria, majipu, magoti yaliyoteguka mazoezini, wajawazito wa familia za askari, na wanakijiji wa jirani wanaofuata huduma. Utakagua vyoo na maji ya kunywa. Wala usiidharau kazi hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hapahapa Afrika Mashariki, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi ni kuhara damu, malaria na njaa, si risasi. Daktari wa kikosi anayehakikisha maji yamechemshwa ameokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Kuhusu upasuaji wa mifupa nakujibu waziwazi. Jeshi husomesha watu wake, na wapo mabingwa wazuri waliotokea huko. Lakini linasomesha kwa mahitaji yake. Ukiwa afisa, kwenda masomoni ni kwa ruhusa na kwa zamu, na inawezekana wakubwa wako wakaona wanahitaji zaidi bingwa wa usingizi au wa magonjwa ya ndani. Ukiambiwa hivyo utaitika? Kama jibu lako ni hapana kabisa, basi kuna njia ya pili. Soma kwanza ubingwa ukiwa raia, Muhimbili au KCMC au Bugando, halafu ndipo ugonge mlango wa jeshi. Jeshi limekuwa likitangaza nafasi za madaktari bingwa, na ukomo wa umri wao huwa juu kuliko wa aliyemaliza shahada ya kwanza. Njia hiyo ni ndefu na inahitaji ada, ila unaingia ukiwa tayari na fani yako mkononi. Kwa umri wako wa miaka 26 mlango wa shahada ya kwanza hautakaa wazi muda mrefu, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye mwaka huu, usiiahirishe.

Umeniuliza kama siku moja utaamriwa kutoa uhai. Nimefurahi kwamba swali hili linakunyima usingizi, na ninaogopa zaidi daktari ambaye halimsumbui.

Kuna sheria juu ya jambo hili na Tanzania imejifunga nayo. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unamlinda tabibu wa jeshi aliyetengwa kwa kazi ya kutibu peke yake. Anavaa utepe wenye msalaba mwekundu kwenye mkono wa kushoto na kubeba kitambulisho maalumu, na upande wa pili hauruhusiwi kumshambulia. Anaruhusiwa kuwa na silaha, lakini ni ya kujilinda yeye na majeruhi walio mikononi mwake. Akiitumia kwenda kushambulia, ameutupa ulinzi wake mwenyewe. Hata akikamatwa, sheria haimhesabu kuwa mateka wa vita kama wengine. Anaweza kubakizwa ili awatibu wenzake walioshikwa, na kazi hiyo ikiisha anatakiwa arudishwe kwao.

Lakini sheria hiyohiyo inakudai kitu kigumu. Inasema majeruhi wote watibiwe bila kubaguliwa, na kinachoruhusu mmoja kutangulizwa ni uharaka wa kitabibu tu. Jaribu kuliona jambo hilo mbele yako. Wameletwa wawili. Mmoja ni askari mwenzako, mmekula naye asubuhi, amevunjika mkono na anapiga kelele za maumivu. Wa pili ni muasi aliyewapiga risasi, mshipa wa paja umekatika na amenyamaza. Unaanza na muasi. Wenzako wamesimama nyuma yako, wana hasira na wamefiwa, na wewe unafunga damu ya yule aliyewaua. Hapo kiapo chako cha udaktari kitapimwa kuliko siku yoyote uliyokaa wodini. Chama cha Madaktari Duniani kiliweka wazi tangu mwaka 1956 kwamba maadili ya tabibu wakati wa vita ni yaleyale ya wakati wa amani, na Baraza lililokusajili halikufuti wala halikulegezei masharti kwa sababu umevaa kombati. Vivyo hivyo kwa siri ya mgonjwa. Mkuu wa kikosi ana haki ya kujua kama askari fulani anafaa kwenda kazini au hafai. Ugonjwa wake wa ndani ni jambo la mgonjwa na daktari wake, na utahitaji moyo wa kusema hivyo kwa heshima mbele ya mtu mwenye nyota nyingi kuliko zako.

Mwanangu, naona unao moyo huo. Aliyebaki chumba cha upasuaji wakati zamu imeisha anao.

Sasa mama yako.

Hapa nitakukanya kidogo. Umemwambia madaktari wanakaa hospitali tu. Hilo si kweli, na mama amehisi si kweli, ndiyo sababu hakuamini. Batalioni ikienda kulinda amani inakwenda na tabibu wake. Umoja wa Mataifa unaiita zahanati hiyo ngazi ya 1. Inatakiwa iweze kuona wagonjwa 20 kwa siku, kulaza 5 kwa siku 2, na kuwa na dawa za siku 60. Upasuaji unaanzia hospitali ya ngazi ya 2, ambayo inaweza kuwa mbali, safari ya helikopta. Mpango wao ni kwamba majeruhi apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya dharura ya kitaalamu ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Ukiwa daktari wa kikosi, wewe umo ndani ya saa hiyo moja. Uko kambini pamoja na wapiganaji, unasikia wanachosikia.

Na Watanzania wamekufa kwenye kazi hiyo. Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko Beni mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na waasi usiku, wakauawa askari wetu wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Mama yako alisikia habari hizo redioni kama sisi sote, na kila mara alikuwa akimsikia kaka yake. Huwezi kwenda kumwambia usijali mama, nitakuwa nimekaa ofisini.

Mwambie ukweli wote. Mwambie kwamba sehemu kubwa ya kazi ni hospitali na vikosi vya hapa nyumbani, Lugalo, Mbeya, Mwanza, Bububu kule Zanzibar, na kwamba kuna siku unaweza kutumwa mbali na hatari ipo. Kisha mwambie kwa nini bado unataka. Huenda atalia. Kaa naye tu hadi amalize, usimharakishe akubali siku hiyohiyo. Mtu aliyemzika kaka yake kwa barua hawezi kumruhusu binti yake kwa mazungumzo ya jioni moja.

Kuna jambo moja zaidi naomba ulifanye, uende jeshini au usiende. Kule Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kuna makaburi ya mashujaa wa vita ile. Wamelala pale zaidi ya 600. Hujaniambia kama familia yenu iliwahi kuuliza mjomba alizikwa wapi. Nenda ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya yenu ukiwa na jina kamili la mjomba, kikosi chake kama mnakijua, na ile barua ya kifo kama bado ipo. Uliza namna ya kufuatilia. Akionekana yuko Kaboya, panga safari na mama. Kutoka Mbeya ni mbali na nauli ni kubwa, najua, lakini baba anakuunga mkono na wajomba wengine wapo, changeni. Sikuahidi kwamba mama akirudi atasema ndiyo. Anaweza kurudi na msimamo uleule. Ila atakuwa amesimama mahali kaka yake alipo, na hilo ni haki yake iliyocheleweshwa miaka zaidi ya 40.

Kwa mchumba wako sina maneno mengi. Masharti ya ndoa kwa anayeanza jeshi yasomeni pamoja kwenye tangazo, kipengele kwa kipengele, kabla hujaomba. Mafunzo ya kuruta hayamchukui mjamzito, kwa hiyo hilo nalo lipangeni mapema kama watu wazima. Halafu kuna uhamisho. Wewe unaweza kuwa Songea na yeye Mwanza. Kama yeye ni mtu wa afya anajua zamu na dharura ni nini, basi aseme wazi kinachomuuma ni kusubiri au ni kuwa na mke anayepokea amri ya mtu mwingine. Majibu hayo mawili yana matibabu tofauti.

Umeniuliza niende au nisubiri. Mimi, kwa kuisoma barua yako, naona una sifa za kwenda, na ningekuwa wewe ningeomba. Ila fanya hivi kwanza. Hapohapo Mbeya kuna Hospitali ya Kanda ya Jeshi, na hospitali za jeshi zinatibu raia pia, kwa hiyo hakuna ajabu wewe kufika. Omba kuonana na daktari wa kike ambaye ni afisa. Muulize alivyoishi ukuruta, alisubiri muda gani kupelekwa masomoni, watoto wake wanakaa na nani akiwa kazini mbali. Usimuulize kuhusu nafasi, muulize kuhusu maisha. Atakachokwambia ndani ya nusu saa kina uzito kuliko barua yangu hii yote, kwa kuwa yeye ameyaishi.

Wakati huohuo endelea kuomba ajira za uraiani na endelea kujitolea, mikono isipoe. Usajili wako wa Baraza uuhuishe usije ukaisha muda. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na chuo, cheti cha JKT, vyote vitolee nakala na uviweke kwenye bahasha moja, majina yakifanana herufi kwa herufi, maana jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti kimoja limewakosesha wengi. Tangazo litafute kwenye tovuti ya jeshi na vyombo vya habari vinavyojulikana, usilitegemee la kutumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Kama litataka barua iandikwe kwa mkono, iandike mwenyewe, kwa wino mmoja, na uieleze taaluma yako bila kuipamba. Likitoka muda huwa mfupi, siku chache tu, kwa hiyo bahasha hiyo iwe tayari kabla ya mwezi huu kuisha, na mazungumzo na mama yaanze kabla ya bahasha.

Shangazi